Boti Iliyokula Samli

Kwa njia ya Parokia,
Majita,
Musoma.
Jumapili, 19 Mei 1985.

Mpendwa mjukuu wangu Wenceslaus, mume wangu wa uzeeni,

Marahaba. Najua huko Tanga uliko umeniamkia, nami nimeitika kabla barua haijafika. U mzima? Kile kifua chako kilichokuwa kinakukohoza kila pepo za bahari zikigeuka kimetulia? Unakula? Usiniambie unakula mkate na chai, mkate ni chakula cha mgonjwa. Na mke mwenzangu Lukresia hajambo? Mwambie sina kinyongo naye. Mume nimemwazima tu, siku akimchoka amrudishe.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio, na mwaka huu limetabiri mpaka limechoka. Muhogo umesimama vizuri. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike. Sangara wanatoka wakubwa kama mlango, mpaka vijana wamesahau ladha ya samaki ningu. Mafuta ya taa bado yanakuja kwa kunusa. Lakini tangu waruhusu watu kuleta vitu, gulioni kumeanza kupendeza, nimeona hata vitenge vipya na betri zisizotoa maji.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Darasani sikuingia hata siku moja, unajua baba yangu alivyokuwaga, alisema shule inaharibu wachunga ndama. Hizi herufi ni za kile kisomo cha watu wazima, zikilala chini wewe ziinue. Na nakuonya, usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua, hata sahani ya wali ulikuwaga unaanza na nyama. Hakuna aliyekufa. Hilo nimekwambia mapema ili moyo wako ukae, sasa soma taratibu.

Nataka kukueleza habari za boti yako ya mpira.

Unakumbuka ulipopata habari kwamba dada yako Hyasinta ana mimba, hukuandika hongera wala pole. Uliandika mstari mmoja tu: Bibi, nenda Bunda kapokee mzigo. Nikaenda. Kondakta akashusha furushi zito la rangi ya kijivu limefungwa kwa magunia, akasema, "Bibi, umeletewa hema, unahamia wapi?" Nikamwambia ninahamia kwa mama yako. Watu wa stendi wakacheka, wakanisaidia kulipandisha kwenye lori la pamba. Tulipolijaza upepo hapa nyumbani, kijiji kizima kikaja kutazama. Mtumbwi usio na mbao wala msumari! Mtoto mmoja akaugusa akakimbia, akasema una nyama ndani.

Mimi sikucheka. Nilijua kwa nini umeileta. Zahanati ya masista ipo ng'ambo ya ghuba, ukisimama kwenye mawe yetu unaona mabati yake yanang'aa, na kuizunguka ghuba kwa miguu ni kutoka asubuhi mpaka jua limeinama, na mvua ikinyesha ule mto wa kati haupitiki. Mama yako Marieta tulimbeba kwa kitanda cha kamba kuizunguka ghuba hii hii. Wewe ulishika mguu wa nyuma wa kitanda. Siku ile mitumbwi yote ilikuwa kwenye kambi za mbali za uvuvi. Hatukufika. Sisemi zaidi, unayajua, na ninajua ndiyo maana ulikwenda kufanya kazi kwenye maji.

Basi boti nikaitunza kama mboni. Nikaijengea kivuli cha majani ya migomba. Mbuzi aliyeisogelea alijuta kuzaliwa. Na kila Jumamosi, baada ya kupika, niliipaka samli.

Usicheke. Soma kwanza.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Ngozi usipoipaka mafuta inakauka, inapasuka, inalia kama kigoma. Mama yangu alikuwa na ngozi ya kulalia aliyoachiwa na bibi yake, laini kama shavu, kwa sababu ya samli tu. Nikajiambia, hii nayo ni ngozi, hata kama ni ngozi ya mnyama wa Ulaya. Kwaresima yote nilijinyima samli, nikala mlenda mkavu, nikasema na tuteseke kidogo kwa ajili ya Bwana. Kumbe mimi nafunga, boti inakula! Kila Jumamosi vijiko vitatu, kwenye maungio ndiyo nilikuwa nazidisha, maana niliona hapo ndipo ngozi hupasukia.

Ikafika katikati ya Kwaresima, boti ikaanza kuchoka. Asubuhi tunaijaza kwa ile pampu ya kukanyaga, imesimama kama titi la mama mwenye mtoto mchanga. Jioni imelala kama langu. Haikuwa na tundu la kuonekana. Haikupiga kelele. Ilikuwa inapunguka kimya kimya, kama mtu anayekonda bila kusema anaumwa nini.

Yule kijana anayeziba pancha za baiskeli gulioni alikuja mara tatu. Akaweka kiraka pale alipodhani. Kikabanduka. Akaweka kingine, kikabanduka. Cha tatu kiliteleza chenyewe kikaanguka chini tukiwa tunakitazama. Akasema boti imerogwa, akachukua baiskeli yake akaondoka, na hajapita njia hii tena.

Hapo ndipo nilipofanya dhambi yangu.

Unamkumbuka Werema, jirani yetu, yule mwenye mtumbwi unaoingiza maji kuliko kikapu. Siku boti ilipofika alisema mbele ya watu, "Bibi Nyamburi ameletewa puto." Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki furu. Halafu siku moja nikamkuta amesimama kwenye boti yangu, ameibonyeza kwa kidole. Nikamkazia jicho mpaka akaondoka. Lakini Jumapili ya Matawi, tumetoka kanisani, kila mtu na tawi lake mkononi, nikamwambia mbele ya Padri na mbele ya wakwe zake, "Werema, wewe ni sindano. Unapita unatoboa vya watu."

Aliweka tawi lake juu ya ukuta wa kanisa akaondoka. Mkewe Miriamu ndiye aliyenitazama. Bora angenitukana.

Pasaka ikapita. Tumbo la Hyasinta likashuka. Mumewe Alfonce alikuwa Bunda, amepata kibarua kwenye kinu cha pamba, na huwezi kumwambia mtu aache kibarua siku hizi. Mvua ikawa inapiga, mto wa kati ukafunga njia. Kila nikimtazama Hyasinta anainuka kwa kushika nguzo, namwona mama yako. Nikaona huu si wakati wa kulaumu watu. Nitafute fundi wa mpira, fundi kweli, siyo wa pancha.

Mwenye duka akaniambia yupo mzee mmoja Butiama, upande wa Mwitongo, anaitwa Machage. Zamani alikuwa mgodini Kiabakari, kazi yake kuziba mipira mikubwa inayopeleka upepo chini kwa wachimbaji. Nikasema huyo ndiye. Mtu aliyeziba mpira ambao ukivuja watu wanakosa pumzi, hawezi kuwa na mchezo. Nikapanda lori mpaka Kiabakari, kutoka hapo nikakanyaga kwa miguu, goti linalia, mimi nalitukana.

Nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, anashona kiatu. Mrefu, mweusi, meno yake yote anayo. Nikamweleza. Akaendelea kushona. Nikamweleza tena kwa sauti. Akasema, "Mama, masikio ninayo. Nilikuwa nasubiri ufike kwenye ugonjwa. Umenieleza ukoo wa boti, mpaka sasa hujaniambia inavuja wapi."

Nikamwambia ningejua inavuja wapi ningekufuata wewe kwa nini, kwa uzuri wako?

Akacheka mpaka akaweka kiatu chini. Jumapili ya tarehe tano alikuja, amebeba mkoba wa ngozi na msasa na mkasi. Solusheni, ile gundi ya mpira, Alfonce alikuwa ameipata Bunda, akaituma na gari la abiria, tyubu mbili mpya, bado zina karatasi. Zamani za foleni ungeuza mbuzi kwa tyubu moja.

Machage hakugusa kitu. Aliizunguka boti mara mbili, kisha akapiga magoti akainusa. Mume wangu, mwanamume mzima ananusa boti! Akaweka ulimi. Akainuka akanitazama kama Padri anavyomtazama mlevi.

"Nani analisha boti hii samli?"

Nikasema ni mimi, na ni samli safi, haina hata moshi.

"Mama," akasema, "ng'ombe na mpira si ndugu. Ngozi inakunywa mafuta inanenepa. Mpira ukinywa mafuta unaoza, na gundi ya maungio inalainika kama uji. Wewe ndiye ulikuwa unaifungua kila Jumamosi. Na viraka vingekaa wapi? Jaribu kumbandika kiraka mtu aliyetoka kujipaka mafuta."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye mchanga na kitenge changu cha kanisani.

Hyasinta alikuwa mlangoni, ameshika mgongo. Akasema, "Bibi, kwa hiyo sindano ni nani?"

Huyo dada yako ana mdomo. Sijui ameutoa wapi.

Jumatatu Machage akasema anahitaji povu. Ili kumkamata mwizi wa upepo lazima umvalishe povu, kila anapotoka anapiga kiputo. Tena anahitaji povu jingi la kuosha samli yote, mara tatu, ndipo gundi ishike. Majivu yalisaidia kidogo, lakini majivu hayatoi povu. Majani ya mpapai ambayo tumefulia miaka yote hii yanatoa utelezi. Akasema, "Nataka sabuni." Akataja hivyo tu, kama mtu anayeomba maji.

Sasa unaijua sabuni yangu. Ile ya mche mzima, niliyoipangia foleni kwenye duka la kijiji tangu jogoo wa kwanza mwaka ule wa shida kubwa, nikaifungia sandukuni pamoja na sanda yangu. Niliwaambia wote: hii ni ya kuniosha nikifa. Nimeishi kwa majivu, lakini sitazikwa nanuka majivu. Watu waliikodolea macho miaka yote. Hyasinta alipoolewa mashangazi walinipigia magoti niitoe aogee bibi harusi, nikakataa. Aliolewa amesuguliwa kwa dodoki na maji ya ndimu. Nilimwambia mwili wako bado una siku nyingi za kuoga, wangu umebakiza moja.

Basi nikaingia ndani. Nikafungua sanduku. Sabuni ilikuwa imekauka, imepasuka nyufa kama kisigino changu, lakini harufu ilikuwepo. Nikakaa nayo kitandani. Kupitia ukuta namsikia Hyasinta anavyohema. Nikajiuliza, Nyamburi, unataka kuzikwa safi kando ya nani? Nikainuka nikatoka nayo, nikamwambia Machage, "Chukua, na ukiipoteza bure nitakuosha nayo wewe."

Aliipokea kwa mikono miwili. Naona mtu wa duka alikwisha kumwambia ni ya nini.

Tukaijaza boti ikasimama. Akakoroga povu kwenye kibuyu, akalipaka kwa manyoya ya kuku, kidogo kidogo, kwanza mdomo wa kujazia, halafu kila maungio. Tukainama kutazama. Nyuma kabisa, chini ya kikalio, pale nilipokuwa nazidisha samli, povu likaanza kutetemeka. Kiputo kimoja. Kikapasuka. Kingine. Vidogo kama macho ya dagaa, mstari mzima wa urefu wa kidole. Boti ilikuwa inapumua pale, kimya kimya, mchana na usiku. Nikapiga vigelegele kama nimeona mtoto. Machage akasema, "Ngoja kwanza, mama, huyu ni ugonjwa, siyo mgeni." Lakini naye alikuwa anacheka.

Akaweka alama kwa wino wa kalamu pembeni palipokauka, akatoa upepo wote, akaanza kuosha. Sabuni na maji ya moto, anakausha. Sabuni tena. Akaomba petroli kijiko kimoja tu kutoka pikipiki ya Padri, akafutia na kitambaa mpaka kitambaa kikatoka kikavu bila mng'ao. Akasema kesho asubuhi ndiyo gundi, usiku mpira upumzike.

Hiyo jioni, jua bado lipo, nikavaa kanga nikaenda kwa Werema.

Sikupeleka kuku. Ukipeleka kuku mtu anamtazama kuku, hakusikii. Nilisimama kwenye mlango wa boma lake, Miriamu anapepeta mtama, nikasema, "Werema, mimi ndiye sindano. Boti nimeitoboa mwenyewe kwa samli. Nilikutukana mbele ya Padri, na nitasema hivi hivi mbele ya Padri. Nimekosa."

Miriamu akaacha kupepeta. Werema akakuna kichwa. Akasema, "Bibi, ile siku niliibonyeza nikaiona laini. Nilikuja kukuambia inapungua upepo. Ulinitazama kwa jicho lile, nikaogopa."

"Ungesema tu!"

"Nani anakuambiaga kitu wewe?"

Miriamu ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka mtama ukamwagika kutoka kwenye ungo, na mimi nikacheka, na ubaya wote ukaishia hapo. Nikamwomba Werema siku ikifika atupigie kafi, maana hakuna mwanamume mwenye mkono kama wake ghuba hii, hata kama mtumbwi wake ni kikapu. Akakubali. Akasema, "Lakini nitaitwa Sindano mpaka nife?" Nikamwambia ndiyo, hilo sina uwezo nalo, watu wameshalipenda.

Jumanne asubuhi Machage akakata kiraka. Hakukata kwenye tyubu ya lori kama yule kijana. Alikata ule mfuko wa boti wa kuwekea pampu, rangi ile ile, mpira ule ule. Akasema kiraka kiwe cha ukoo mmoja na jeraha, mgeni hang'ang'anii. Akakizungusha pembe zisiwe kali, maana pembe ndiyo huanza kubanduka. Akasugua kwa msasa pande zote mbili. Akapaka solusheni nyembamba, akangoja. Akapaka tena, akangoja. Nikamwuliza unangoja nini, akasema nangoja ikatae kidole changu. Ilipokataa, akabandika, akakandamiza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje ili upepo usibaki ndani, akaweka juu yake jiwe langu la kusagia. Akasema, "Mpaka kesho saa kama hizi. Asiguse mtu."

Saa sita mchana, Hyasinta akaita.

Hakuita jina la mtu. Aliita tu. Mimi nimezaa tisa, wito ule naujua.

Nikatoka nikamwambia Machage, "Ondoa jiwe." Akasema, "Mama, gundi haijui uchungu wa uzazi. Inataka siku nzima." Nikamwambia, na uchungu haujui gundi. Tukatazamana. Njia ya miguu ilikuwa imefungwa na mto. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa mbali kwa sangara. Ilikuwa siku ile ile ya mama yako, mume wangu, imerudi na nguo zile zile. Tofauti ilikuwa ile boti tu, na kiraka kilichokaa saa chache tu.

Machage akatazama maji, akatazama mlango ambao Hyasinta analilia ndani. Kisha akainua jiwe akasema, "Basi nitakwenda nacho. Nitakishika mwenyewe."

Werema akatokea anakimbia, kafi begani, anapiga kelele toka mbali, "Sindano imefika! Uzi uko wapi?" Hata Hyasinta katikati ya uchungu alicheka, akajishika akalia, akacheka tena.

Tukaijaza, siyo sana, Machage alisema isisimame mno. Tukaingia: Werema mbele na kafi, Hyasinta katikati amelala kwenye ile ngozi ya mama yangu, mimi kichwani kwake, na Machage nyuma amelala kifudifudi na magoti majini, kiganja chake chote juu ya kiraka, kama mtu anayemziba mdomo mtoto kanisani. Mimi nilikuwa na kibuyu cha povu na unyoya. Kila Werema akipiga kafi mara ishirini, Machage anainua kiganja, napaka povu, tunatazama.

"Inapumua?" anauliza Werema bila kugeuka.

"Haipumui!"

Mara ishirini tena. "Inapumua?"

"Haipumui! Piga!"

Katikati ya ghuba, pale upepo unapotokea kwenye vilima, nikaona kiputo kimoja pembeni ya kiraka. Kimoja, cha ukubwa wa punje ya ulezi. Sikusema. Machage naye alikiona. Akaweka kiganja akakandamiza, na mkono wa pili juu yake, na kidevu juu ya mikono. Nikasali. Siyo sala ya kitabu, nilimwambia Mungu maneno mawili matatu ya wazi, na nadhani alinielewa. Akainua. Nikapaka. Hakikuwepo.

"Inapumua?"

Hyasinta ndiye aliyejibu. "Nyamazeni na boti yenu! Anayepumua hapa ni mimi!"

Tulifika. Sista Marcelina alikuwa ameshatuona toka mbali, alishuka mpaka kwenye maji na gauni lake jeupe likalowa mpaka magotini. Wakamwinua wakampeleka. Nilitazama jua, halikuwa limesogea hata mkono mmoja. Mama yako tulimtembeza siku nzima.

Saa tisa hivi alilia. Mtoto, siyo Hyasinta. Msichana, mzito, kipaji cha uso chako hicho hicho cha ubishi. Sista alitoka akasema anaomba radhi, zahanati haina sabuni tangu Februari, watamfuta kwa maji ya moto tu. Nikaingiza mkono kwenye pindo la kanga. Kilikuwa kimebaki kipande, chembamba kama kaki ya komunyo. Nikampa.

Kwa hiyo sabuni niliyoiweka inioshe mimi mara ya mwisho, imemwosha yeye mara ya kwanza. Ilitosha barabara. Ilipoishia kwenye kisigino chake, haikubaki hata povu.

Leo asubuhi amebatizwa. Anaitwa Marieta. Umekuwa mjomba, na jina la mama yako sasa linaitwa tena nyumbani, linalia, linanyonya, linaniamsha. Nilisimama mbele ya Padri nikasema habari za sindano kama nilivyoahidi, na watu wakapiga makofi kama harusi. Machage alikuwa amekuja toka Butiama na kiraka cha pili, akasema cha kwanza kimeshika kama ndoa lakini yeye haamini vitu vilivyofanywa kwa haraka. Anasema atakuja kila mwezi kukikagua. Safari ndefu ile, kukagua kiraka! Usione wivu, mume wangu. Nimemwambia nina mume Tanga.

Boti sasa ipo kivulini. Inakaa toka asubuhi mpaka asubuhi bila kuchoka. Naiosha kwa maji matupu. Samli nakula mimi. Na wiki iliyopita ilimpeleka mke wa mvuvi mmoja, na jana mtoto aliyeungua uji. Werema anaipiga kafi, wanamwita Nahodha Sindano, na amefurahi.

Nisalimie mke mwenzangu Lukresia, mwambie apike samaki na ndimu kifua chako kipone. Nisalimie rafiki yako Apolinary mnayefanya naye kazi. Hapa wanakusalimu Hyasinta na Alfonce, Werema na Miriamu, na dada yangu Getruda aliyekuja kumlea mzazi lakini analala tu. Mungu wa maji haya na ya huko kwako akuzibe kila unapovuja, akulinde kwa mawimbi na kwa watu wabaya, akurudishe Krismasi umwone mpwa wako atakayekuita mjomba.

Neno la mwisho. Najua utataka kunitumia sabuni nyingine kwa sanduku. Usithubutu. Musoma mjini zimeshaanza kuonekana, nimezipita dukani bila kugeuza shingo. Ukileta, leta ya mtoto. Mimi sanduku langu halina sabuni, na mtu kama mimi hazikwi bila kuoga, kwa hiyo kufa kwangu kumeahirishwa mpaka huyu Marieta atakapojua kuninunulia nyingine.

Ni mimi, bibi yako na mke wako mkubwa, nikupendaye bila kuvuja,

Nyamburi